Chakula Kisichopita Motoni

Sisi tuliofika umri wa kufungiwa kile kitambaa cha presha kila tunapokanyaga hospitali, hata kama tumekwenda kwa ajili ya jino tu, tunajua jinsi muuguzi anavyonyamaza kidogo kabla ya kutaja namba. Mimi nilinyamaziwa hivyo mwezi uliopita, hapa Morogoro. Nilipotoka nikapitia sokoni. Palikuwa na mama mmoja anakatakata kabichi za kufunga kwenye vifuko, na nilipoikaribia meza yake harufu ikanipiga usoni, harufu ya kabichi mbichi, ya maji na udongo na ukali mdogo unaopanda puani. Nikasimama pale watu wakinipita kushoto na kulia. Sikuwa Morogoro tena. Nilikuwa Mikumi, kwenye kibanda cha mama, meno yangu ya mbele ndiyo kwanza yanaota, na nina hakika kabisa kwamba mama yangu ameamua kufa.

Mama alikuwa mama lishe. Kibanda chetu kilikuwa kando ya barabara kuu, pale malori yanapopumzika yakitoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, na yakirudi. Asubuhi alipika supu na chapati, mchana pilau, wali, ugali, nyama, maharage, na samaki wa kukaanga waliokaushwa vizuri. Alikuwa mnene, na unene wake ulikuwa tangazo la biashara. Madereva walisema ukimwona mpishi ana mwili kama ule huna haja ya kuuliza chakula kikoje, unavuta benchi unakaa. Walimwita Mama Zuhura. Zuhura ndiye mimi, na wakati huo nilikuwa mtoto wake wa pekee. Baba alikuwa fundi wa matairi hatua chache kutoka pale, mtu wa maneno machache ambaye mikono yake ilinukia mpira hata siku ya Idi.

Mama alikuwa na dada mmoja tu, Mwanaidi, aliyetangulia kuzaliwa. Kwa hiyo mimi nilimwita Mama Mkubwa, kama wote tunavyowaita dada za mama zetu. Aliishi Kilosa kwa bibi yangu, katika nyumba ya matofali iliyo karibu na reli, ambako babu aliwaacha alipofariki. Walifanana mno, yeye na mama. Mwili mmoja, kicheko kimoja cha kutikisa mabega, na hata namna ya kushika kiuno wakiinuka kutoka kwenye kigoda ilikuwa ileile. Mama Mkubwa alipoachika akarudi kwa mama yake, na bibi akamlea kama mtoto mchanga. Kila tulipokwenda Kilosa tulimkuta bibi anampikia: wali wa nazi, mihogo ya kukaanga, vitumbua vinavyochuruzika mafuta. Bibi hakuwa na mali ya kumpa bintiye aliyevunjika moyo. Alikuwa na jiko.

Siku moja Mama Mkubwa alikuwa uani anapepeta mchele. Ungo ukamponyoka. Bibi alisema alidhani ni upepo, mpaka alipomwona mdomo wa mwanawe umepinda upande mmoja na jicho limelegea. Walimkimbiza hospitali kwa bodaboda, mtu akiwa nyuma anamshikilia, lakini alifariki kabla jua halijazama. Kiharusi, walisema. Alikuwa na presha na hakuwahi kuijua.

Baada ya maziko mama alikwenda mwenyewe kupimwa palepale Kilosa. Nilikuwa naye. Nilimwona muuguzi akinyamaza, akafungua kitambaa, akamfunga tena kwenye mkono wa pili. Halafu akamwita daktari. Tuliondoka na vidonge kwenye bahasha ya kaki na maneno mengi kuhusu chumvi, mafuta na uzito. Kwenye basi la kurudi Mikumi, njia ile ya vumbi inayopita kijiji cha Ulaya, mama hakusema neno. Kawaida yake alikuwa akizungumza na kila abiria aliye karibu mpaka tufike. Siku ile alitazama nje tu, mashamba ya mahindi yakipita, na kila gari lilipoingia kwenye shimo alishika kifua chake kana kwamba amebeba yai.

Siku ya mnada uliofuata pale Mikumi alikuja mtu mwenye gari dogo na kipaza sauti. Alikuwa anauza unga wa majani kwenye makopo. Lakini kabla ya kutaja unga alihubiri. Alisema moto unaua chakula. Alisema tembo wa mbugani hapo jirani hajui sufuria na hajawahi kupooza. Alisema, na maneno haya niliyashika kwa sababu aliyarudia mpaka watoto tukayaimba, kwamba ukila kilichokufa nawe unakufa taratibu. Mama alisimama kwenye jua, kikapu kichwani, akamsikiliza mpaka mwisho. Yule mtu akamnyooshea kopo.

Mama akamwambia, "Unga wako sina haja nao. Maneno nimeyachukua."

Jioni ile alitupakulia wali na mchuzi, mimi na baba, na yeye akakaa na sahani ya kabichi iliyokatwakatwa, karoti, na karanga mbichi. Baba aliitazama sahani ile kwa muda. Mama akasema kuanzia leo hali tena kitu kilichopita motoni. Baba alimeza tonge lake, akafikiri, kisha akauliza, "Na chai?"

"Na chai," mama akasema.

Sasa mimi nilikuwa nimetoka kwenye msiba nikiwa na macho ya mtoto. Nilikuwa nimemwona bibi amekaa mkekani hachani nywele. Nilikuwa nimesikia watu wazima wakisema hiki hakifanywi mpaka arobaini, kile kingoje mpaka arobaini. Kwa hiyo nilijieleza mwenyewe, na nikaridhika: mama anaomboleza. Bibi ameacha kuchana nywele, mama ameacha chakula cha motoni. Arobaini ikifika kisomo kitasomwa, pilau litapikwa, mama atakula nasi, na mambo yatarudi kama zamani. Nikawa mtulivu kabisa. Nilimwangalia akitafuna matango kama mtu anayemwangalia mwenzake amefunga Ramadhani, nikijua Idi ipo.

Na alitafuna kweli. Siku za mwanzo zilikuwa ngumu, maana kichwa kilimuuma kwa kukosa chai na tumbo lilinguruma mpaka wateja wakasikia. Aliloweka choroko kwenye kitambaa kibichi mpaka zikachipua vimkia vyeupe, akazila na limau. Alikuna nazi akaila hivihivi. Alikula mapapai, matikiti, mchicha mchanga, karanga za kulowekwa, na mihogo mitamu ambayo sote tulikuwa tukiitafuna njiani bila kuiita tiba. Lakini kazi yake ilikuwa ileile. Kila siku alikaanga vitunguu vya pilau mpaka vikawa rangi ya kahawia, na sisi tunaojua pilau tunajua harufu ile inavyofanya. Basi alijifunga khanga puani. Ilikuwa ajabu kumwona, mpishi aliyefunga pua anakoroga sufuria, macho yakimtoka machozi, mkono wa pili umeshika karoti.

Kwa kuwa hakutaka hata mchuzi umguse ulimi, akanipa mimi kazi ya kuonja. Nikitoka shule nilisimama kando ya mafiga, naye ananitilia tone kiganjani. "Chumvi?" ananiuliza. Nami nasema bado, au imetosha, au mama umezidisha. Sijawahi tena katika maisha yangu kupewa cheo kikubwa namna ile.

Mwili wake ukaanza kupungua. Magauni yakamwanguka mabegani, akayakaza kwa pini. Goti lake la kulia, ambalo lilikuwa likimfanya atoe sauti kila akichuchumaa kuchochea kuni, likaacha kumsumbua. Yeye alifurahi. Watu wengine waliona jambo jingine. Nyinyi mnakumbuka miaka ile mtu mnene akikonda ghafla watu walinong'ona nini. Hakuna aliyetaja ugonjwa kwa jina. Walisema tu "Mama Zuhura amepungua," wakaacha sentensi ikining'inia.

Arobaini ikafika. Tukaenda Kilosa, sote watatu. Nilikuwa nimevaa gauni la Idi kwa sababu kwangu ilikuwa Idi: siku mama angekula. Nilimwamkia bibi shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika kidevu, lakini macho yake yalikuwa yamekwishamwendea mama nyuma yangu. Alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Aliingia jikoni.

Kisomo kikasomwa. Wanawake tukakaa uani kwenye mikeka, sinia likaletwa, pilau lenye nyama na viazi, na kila mtu akajua bibi mwenyewe ndiye aliyelipika, maana hakukubali mtu mwingine ashike mwiko siku ile. Mikono ikanyooshwa. Mimi nilimtazama mama. Mama akafungua ncha ya khanga yake, akatoa tango, akalimega, akaanza kula.

Mikono yote pale siniani ikasimama. Shangazi mmoja akacheka kidogo, akaona hakuna mwenzake, akanyamaza. Bibi alitoka jikoni akiwa na bakuli la kachumbari, akaona. Alikuja akasimama juu yetu.

"Chakula cha dada yako unakikataa?" akauliza.

Sauti yake haikuwa ya ukali. Laiti ingekuwa ya ukali. Mama aliinua uso, na nadhani alikuwa amejiandaa kwa swali hilo safari nzima, na nadhani pia jibu alilotoa silo alilokuwa ameliandaa.

"Mama, chakula hiki ndicho kilichomuua dada."

Bibi aliliweka bakuli chini taratibu, akarudi jikoni. Hakutoka tena mpaka wageni wakaondoka. Tulipoaga alitupa mkono bila kututazama, na tulipopanda basi nilimwona kupitia dirisha ameketi mlangoni, mikono mitupu imelala mapajani.

Nyumbani Mikumi mambo yakawa mabaya zaidi, kwangu kwanza. Arobaini ilikuwa imepita na mama bado hali. Maelezo yangu yote yaliporomoka, na mtoto hawezi kuishi bila maelezo, kwa hiyo nikatengeneza mengine. Kama si maombolezo, basi ni nini? Anakonda. Watu wananong'ona. Chakula cha bibi amekikataa mbele ya watu, na hakuna mtu anayefanya hivyo kama ana mpango wa kurudi. Nikaelewa, kwa namna ya watoto ya kuelewa, kwamba mama anamfuata dada yake. Anakwenda polepole, kwa kutokula, asitushtue.

Nilifikiri sana nikiwa nimelala kifudifudi kwenye benchi la kibanda, nikapata dawa. Mama hangekubali mimi nife. Hilo nililijua kama ninavyojua jina langu. Basi nami nitakula anachokula yeye, na nikianza kukonda atalazimika kuacha. Na asipoacha, hataenda peke yake. Toka siku hiyo wali wangu ulikwenda kwa kuku, nami nikawa natafuna karoti na kabichi kwa bidii ya mwanajeshi. Mama akanisifu. Alidhani nimependa.

Kibandani wateja walikuwa wanapungua. Aliyekuja kusema wazi alikuwa dereva mmoja, Sanga, mtu mzima wa Njombe aliyekula kwa mama tangu mimi sijajua kutembea. Alimaliza ugali wake siku hiyo, akanawa, akabaki amekaa. Akamwambia mama kwa heshima kwamba wenzake wamehamia kibanda cha mbele. Mama akamuuliza kosa lake nini, chumvi au nyama.

"Chakula hakina kosa," Sanga akasema. "Lakini mpishi asiyekula chakula chake anatutia wasiwasi, Mama Zuhura. Wapo wanaosema unaumwa. Wapo wanaosema unatuwekea kitu."

Mama alikuwa anaosha sufuria. Hakuacha kuosha. Alimjibu kwamba anayetaka kula ale na anayetaka kuhama ahame, yeye amemzika dada yake na hatazikwa na mtoto wake angali mdogo. Sanga akatikisa kichwa, akachukua funguo zake. Baba, ambaye aliyasikia yote akiwa ameinamia tairi, alikuja jioni ile na mfuko wa matango kutoka sokoni, akauweka mezani bila neno. Ndivyo alivyokuwa akiongea.

Kisha yakaja maharage. Mama alikuwa amefaulu na choroko, akaona hakuna sababu maharage yasiwe hivyohivyo. Alipata yale mekundu, makubwa, yanayoshuka kutoka milima ya Mamboya, akayaloweka mpaka yakavimba na kupasuka maganda. Mchana wa Jumamosi akala bakuli zima, kwa limau na nyanya. Mimi nikala kiasi cha kiganja changu. Yalikuwa magumu, yana ladha ya majani na chaki, nikayameza kwa kufumba macho.

Kabla ya alasiri nilikuwa natapika nyuma ya kibanda. Nilimwita mama, na aliponijibu nikasikia kwamba naye anatapika. Tulitapika mpaka hakukuwa na cha kutapika, tumbo likawa linakamuliwa kama nguo. Nakumbuka nimelala kwenye mchanga, nakumbuka nyani mmoja ameketi juu ya ukuta akitutazama, na nakumbuka kuwaza, bila woga mkubwa, kwamba basi ndiyo tunakwenda. Halafu mikono yenye harufu ya mpira ikaninyanyua. Baba alinibeba mimi, akamshika mama, akatupakia kwenye bajaji.

Hospitali walituwekea dripu, vitanda viwili vikisogezwa pamoja. Daktari aliyekuja alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole na maswali yasiyo na upole. Alipojua tumekula nini alishika kichwa. Akaeleza kwamba choroko zilizochipua hazina neno, lakini maharage mekundu yana sumu ambayo moto tu, wa kuchemka hasa, ndio unaiondoa. Kisha akampima mama presha. Akauliza vidonge. Mama akasema aliviacha siku alipoanza mboga. Daktari alitazama kipimo tena.

"Imeshuka kidogo, na mwili umepungua. Mboga zimekusaidia," akasema. "Lakini usiziachie kazi yote. Vidonge meza kila siku. Na mtoto mpe chakula."

"Mtoto anakula," mama akasema. "Wali wake napika kila siku."

Mimi nikasema siuli. Nadhani homa ndiyo iliyonifungua mdomo. Nikasema wali nawapa kuku. Mama aligeuka na mrija wake mkononi, akaniuliza kwa nini.

"Nilitaka usiende peke yako kwa Mama Mkubwa."

Daktari akaona ana kazi kitanda kingine. Mama hakulia, na ninashukuru, kwa sababu ningeogopa. Alinyoosha mkono usio na sindano akanishika mguu, sehemu pekee aliyoweza kuifikia, akanibana kwa nguvu.

"Zuhura, nisikilize vizuri," akasema. "Sili hivi ili nife. Ninakula hivi ili nisife. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Akanifanya nirudie. Nikarudia. Katika umri wangu wote sikumbuki sentensi nyingine iliyonitoa mzigo mzito kiasi kile. Nikalala papo hapo, dripu ikiendelea kudondoka.

Baba alikuwa amempigia simu bibi. Kesho yake tuliporuhusiwa, tukamkuta nyumbani, amekaa kizingitini na kikapu na chupa ya uji, vumbi la njia ya Ulaya limejaa kwenye baibui lake. Mama na yeye hawakuwa wamezungumza tangu arobaini. Mama akamwamkia, bibi akaitikia, wakaingia ndani kila mmoja akiuepuka uso wa mwenzake. Bibi alinipa uji. Mama hakupewa. Bibi alimwonea haya kumpa, nadhani, kama mtu aliyekwisha kataliwa mara moja.

Kila mtu alitarajia mama ameshakoma. Majirani walikuja kumpa pole na kusema sasa umejionea. Mama aliwajibu kwa adabu kwamba maharage atayachemsha, vidonge atameza, na mengine yanaendelea. Jirani mmoja akamgeukia bibi, akamwambia, mzazi, mkanye mwanao. Bibi akasema mwanawe ni mtu mzima.

Mchana, majirani walipoondoka, mama akakatakata mboga zake akakaa nazo mkekani. Bibi alikuwa akimtazama. Kisha akainuka, akaenda kwenye rafu ya vyombo, akashusha kinu kidogo cha kutwangia viungo. Akachukua karoti kutoka kwenye sahani ya mama, na tango, na karanga mbichi, akaanza kutwanga. Bibi alikuwa amebakiwa na meno machache ya pembeni, karoti mbichi asingeiweza. Alitwanga mpaka ikawa laini kama chakula cha mtoto anayeanzishwa kula. Akakamulia limau. Akachota kwa vidole, akala. Uso ulimkunjamana.

Mama akasema, kwa sauti ya chini, "Mama, sikusema kwamba wewe ndiye uliyemuua."

"Mimi nilisikia hivyo," bibi akasema. "Tangu siku ile kila nikishika mwiko nasikia hivyo."

Mama aliweka sahani chini. Alisogea kwa magoti mpaka alipokuwa bibi, akaegemeza paji lake la uso kwenye bega la mama yake, na hapo ndipo alipolia, kilio alichokuwa hajakilia hata makaburini. Bibi hakumbembeleza. Aliendelea kutwanga kwa mkono mmoja, polepole, mkono wa pili akiwa amemshika mama shingoni.

"Yule nilimpa kila alichopenda, nikamzika," akasema. "Wewe nitakula unachokula. Nifundishe tu."

Baada ya kitambo mama akainua uso, akajifuta kwa khanga, akaomba uji. Bibi akammiminia kutoka kwenye chupa, bado una moto. Mama akaushika kwa mikono miwili, akapuliza, akanywa. Nilikuwa nimekaa katikati yao na sikuthubutu kutikisika.

Bibi alikaa nasi mpaka mvua zilipoanza. Mama alirudi kibandani na utaratibu mpya, wake mwenyewe, bila kumuuliza mtu. Asubuhi na jioni vibichi. Mchana, saa ambayo benchi linajaa, alijipakulia kijiko kutoka kila sufuria, bila kuongeza chumvi, akakaa katikati ya wateja akala. Kwanza walikuwa wachache wa kumwona. Sanga alirudi, akamkuta anakula, akavuta benchi. Mimi nilivuliwa cheo cha kuonja, na nikasikitika kwa siku kadhaa.

Bibi amekwisha kufa, kwa uzee, Kilosa, kitandani kwake. Mama yuko Mikumi bado, ingawa kibanda amekiacha. Anameza kidonge chake kila asubuhi kwa maji, na baada yake anatafuna kitu chochote kibichi kilichopo, kwa ukaidi uleule. Nilipotoka sokoni siku ile na kabichi yangu nilimpigia simu, nikamwambia kuhusu kipimo changu. Alinisikiliza. Hakunionea huruma. Aliniuliza nimepewa vidonge gani, akaniambia nisiache hata siku moja, akataja nile nini na nianze lini. Lini ilikuwa leo.

Kisha akacheka, kile kicheko cha kutikisa mabega ambacho huwa nakiona hata kwenye simu. Akaniambia alikuwa anapiga hesabu juzi akagundua jambo. Dada yake alikufa kijana, kumbe. Wakati ule walimwona mtu mzima, lakini alikuwa kijana, na yeye mama ameupita umri ule zamani, mbali, bila hata kuangalia.

"Sasa mimi ndiye mkubwa," mama akasema.